Minde ahesabiwe mlima kwa mlima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni wa gazeti lako nieleze jambo linalomhusu mnyama ambaye hayupo katika mkoa wetu wa Lindi, hayupo Mtwara, na ambaye wasomaji wako wengi, hata wale wanaoishi chini ya milima yake, hawajapata kumwona kwa macho. Mnyama huyo ni minde, paa mkubwa wa misitu ya milimani, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania peke yake. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kumtaja minde kwa idadi moja ya nchi nzima, ilhali anaishi katika misitu iliyotengana kiasi kwamba mnyama wa huku hawezi kufika kule. Kwa hiyo kuhesabiwa kwake, kulindwa kwake na taarifa zake kwa wananchi vinapaswa kufanywa mlima kwa mlima, la sivyo tutampoteza kipande kwa kipande huku hesabu ya jumla ikiendelea kututuliza.

Wapo watakaouliza mtu kama mimi, wa Mtama mkoani Lindi, ana habari gani na milima ya Iringa na Mbeya. Swali hilo ni la haki na nitalijibu nikifika kwenye habari za msitu wetu wa Rondo, lakini kwanza inafaa tumfahamu mnyama mwenyewe, kwa sababu mwaka hadi mwaka nimefundisha watoto wanaoweza kuchora simba, tembo na twiga kwa kufumba macho, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za minde.

Minde ni wa ukoo mmoja na funo, tunayemfahamu vizuri huku Kusini, ila uzito wake unafika kilo 50 hadi 60, yaani minde mmoja ni sawa na funo wanne au zaidi. Begani ana kimo cha sentimeta 70 hivi. Manyoya yake ni ya kahawia iliyoiva, yanang'aa na kukaribia weusi, uso wake umepauka na kuwa wa kijivujivu, na katikati ya pembe zake fupi na nyembamba kuna kishungi cha nywele nyekundu kilichojaa hata pembe zenyewe karibu zifichike. Hutembea usiku, hupenda msitu mzito wenye unyevu, hula matunda yaliyoanguka, majani na machipukizi, na ipo picha inayomwonyesha akiwa na chura mdomoni, jambo ambalo wengi wetu tusingelitegemea kwa mnyama anayecheua. Kama walivyo paa wengine wa msituni, mbegu za matunda anayokula huangushwa mbali na mti mama, na hivyo ana sehemu yake katika kuupanda upya msitu unaomlisha.

Wataalamu wa nje walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1890. Daktari mmoja Mmarekani, William Louis Abbott, alikuwa amekusanya wanyama katika Mlima Kilimanjaro, na kielelezo cha minde kikapelekwa Washington, ambako Frederick True alimpa jina la kisayansi, Cephalophus spadix. Tangu hapo ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya kupatikana picha ya minde akiwa hai porini. Picha hiyo ilipatikana mwaka 2003 katika milima ya Udzungwa, kwa kamera inayofungwa kwenye shina la mti na kujipiga yenyewe kila kiumbe chenye joto kinapokatiza mbele yake. Sisi wa Lindi habari ya namna hii hatuisikii kwa mara ya kwanza. Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, hapa hapa mkoani kwetu, imesimamishwa Berlin na kutazamwa na mamilioni ya watu, na vijana wetu wengi huisikia kwanza bungeni, wabunge wanapoulizia itarudi lini. Tofauti ni kwamba mjusi wa Tendaguru alikwisha kufa zamani mno na hakuna tunaloweza kumfanyia zaidi ya kudai mifupa yake. Minde bado anapumua.

Sasa niseme anapopatikana, maana hapo ndipo penye uzito wa barua hii. Ngome yake kubwa ni Udzungwa, milima inayogawanywa na mikoa ya Morogoro na Iringa. Yupo katika Mlima Kilimanjaro, ambako amewahi kuonekana hadi kwenye kimo cha mita 4,000 hivi, juu kabisa ambapo msitu umekwisha na baridi inakata. Yupo Nyanda za Juu Kusini, katika msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone ulio katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ametajwa Rubeho na Uluguru, na vitabu vya zamani vilimtaja pia Usambara. Mtu akiitazama ramani ya nchi akiwa na orodha hiyo mkononi, atadhani mnyama huyu ametapakaa kutoka kaskazini hadi kusini-magharibi na hana shida yoyote. Lakini orodha hiyo ni ya madoa tu. Kati ya Kilimanjaro na Udzungwa kuna mamia ya kilomita za nyika, mashamba ya mkonge, barabara kuu, reli na miji, na minde hakanyagi nyika. Yeye ni mnyama wa kivuli na unyevu, na mahali msitu unapoishia ndipo dunia yake inapoishia.

Misitu hiyo yenyewe haikutengana jana. Mingi iko katika milima ya Tao la Mashariki, milima ya kale sana ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikipokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, bahari hii hii tunayoiangalia sisi tukiwa Lindi na Mtwara, na ndiyo maana ilibaki na msitu hata katika nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka. Kilimanjaro na Rungwe ni milima ya volkano na si ya Tao hilo, lakini nayo ina msitu wa aina hiyo kwenye mabega yake. Kwa hiyo utengano wa asili ulikuwapo, na minde aliumudu. Kilichoongezwa na binadamu ni kuvikata visiwa hivyo vya msitu vikawa vidogo zaidi, kuzifunga njia chache zilizokuwa zimebaki kati ya msitu na msitu jirani, na kisha kuvijaza mitego.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ya minde waliobaki ni kama 1,500, na Shirikisho la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira limemweka katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Sina ugomvi na makadirio hayo. Yametokana na kazi ngumu ya watu waliolala msituni na kupanda magenge kwenye mvua. Wasiwasi wangu ni namna sisi tunavyoyasoma. Mtu akisikia 1,500 anaona kundi, kana kwamba wamesimama pamoja kwenye mbuga na mchungaji anaweza kuwapeleka malishoni. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika mlima mmoja wamebaki minde 20. Wakinaswa watano kwa mwaka mmoja, hesabu ya nchi nzima haitatikisika hata kidogo, itaendelea kusomeka 1,500 katika taarifa na vitabu, lakini mlima ule utakuwa umepoteza robo ya minde wake. Paa wa msituni huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wale 15 watakaobaki hawatapata mgeni kutoka mlima mwingine wa kuja kujaza nafasi. Watazaana ndugu kwa ndugu, na ukija mwaka mmoja mbaya, wa moto, wa maradhi au wa mbwa wa wawindaji, mlima utakuwa mtupu. Na mlima ukishakuwa mtupu hakuna minde atakayevuka nyika kuja kuanza upya. Ndiyo sababu nasema hesabu ya jumla, ikisomwa peke yake, inaficha hasara hadi hasara hiyo iwe imekwisha kutokea.

Nimeahidi kueleza kwa nini mtu wa Lindi analisemea jambo hili. Hapa kwetu kuna uwanda wa juu wa Rondo, na katika msitu wake anaishi komba mdogo sana, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, ambaye sayansi ilimpa jina la Rondo mwaka 1997. Naye yuko hatarini kutoweka, na mtawanyiko wake ni wa madoa kama wa minde: yuko Rondo, yuko katika vimsitu vichache vya jirani kama Litipo, kisha unaruka mwendo wa mbali hadi misitu midogo iliyozunguka Dar es Salaam, kama Pugu na Pande, ndipo umpate tena. Nimeishi karibu na msitu huo umri wangu mwingi. Nimeona jinsi kijimsitu kinavyoweza kubaki kwenye ramani, na kibao cha hifadhi kikaendelea kusimama kando ya barabara, huku ndani yake wanyama wakipungua mmoja mmoja bila mtu kuandika popote kwamba wamepungua.

Jambo moja nililiona kwa karibu nikiwa na wanafunzi wangu kwenye ukingo wa msitu, tulipokwenda kujifunza majina ya miti. Tulikuta uzio wa matawi makavu, wa kimo cha goti, uliopangwa kwa ustadi kufuata mteremko kama mtu anayezungushia shamba lake. Kila baada ya hatua kadhaa uliachwa upenyo mdogo, na katika kila upenyo kulitegwa tanzi la waya wa breki ya baiskeli, likafungwa kwenye mti mbichi uliopindwa hadi chini na kushikiliwa na kijiti kidogo. Mnyama anayekatiza hawezi kuruka uzio usiku, huutembelea pembeni hadi aone upenyo, huingiza kichwa au mguu, kijiti huchomoka, na mti hujiinua na kulikaza tanzi. Katika upenyo mmoja alikuwamo funo jike. Alikuwa amekufa siku kadhaa kabla, ameoza, na aliyetega hakuwa amerudi kumchukua. Waya ulikuwa umezama shingoni hadi hauonekani, na udongo wote uliomzunguka ulikuwa umechimbuliwa kwa kwato zake. Watoto walinyamaza. Mmoja wao aliniuliza kama mtego ule ulitegewa funo yule, na nilimjibu ukweli kwamba haukutegewa yeye wala mwingine yeyote, umetegewa chochote kitakachopita.

Hiyo ndiyo shida ya tanzi, na ndiyo sababu linamwumiza minde kuliko bunduki. Mwenye bunduki humwona anayempiga. Tanzi lililotegewa nguruwe pori au funo, ambao bado ni wengi, humnasa minde vilevile, na kwa kuwa minde ni mzito zaidi, yeye ni bahati kubwa kwa aliyetega hata kama hakumkusudia. Katika msitu ambao funo wamebaki mia na minde wawili, mtegaji ataendelea kupata kitoweo chake kwa funo, na kwa hiyo ataendelea kutega, hata baada ya minde wa mwisho kunaswa. Hakuna wakati ambapo uchache wa minde utamfanya aache. Msitu wa Uzungwa Scarp, ulio upande wa kusini wa milima ya Udzungwa, uliumizwa sana na mitego ya namna hii kwa miaka mingi, na watafiti walioufananisha na misitu iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa walikuta tofauti kubwa ya wanyama ingawa misitu yenyewe ni jirani na ni ya aina moja. Ndani ya hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye eneo la kilomita za mraba 1,990, askari walikuwapo na wanyama walikuwapo. Nje yake miti ilisimama, lakini chini ya miti hiyo mitego ilikuwa mingi na wanyama wakubwa wachache.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mitego ya aina hiyo, kwa hiyo sidai sheria mpya. Wala siwezi kuungana na wale wanaodhani kila anayetega ni mhalifu sugu anayestahili kuozea gerezani. Huku Kusini, kama kule Kilombero na Rungwe, mtu anatega kwa sababu kitoweo ni ghali, kuku wake wamekufa kwa mdondo wote kwa juma moja, na msitu uko nyuma ya nyumba. Mwaka 2020 Serikali ilitunga kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori, ili nyama halali ipatikane kwa njia halali, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini bucha liko mjini, na mtu wa kijiji kilicho chini ya mlima hawezi kupanda gari kwenda mjini kununua kilo ya nyama. Yeye anachohitaji ni kuku wasife. Chanjo ya mdondo ya matone, inayodondoshwa tone moja katika jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, ni rahisi kwa bei na haidai mtaalamu mwenye shahada, ila inadai mtu wa kuileta kijijini kwa wakati. Kwa maoni yangu vichupa vya chanjo hiyo vikifika bila kukosa katika vijiji vinavyopakana na misitu ya minde, vitaondoa mitego mingi kuliko mabango. Vijana wa vijiji hivyo hivyo, wanaozijua njia zote za msituni, walipwe kwa kazi ya kutembea na kung'oa nyaya, kazi ambayo askari wachache wa hifadhi hawawezi kuimaliza hata wakikesha.

Sina budi kusema pia kuhusu vyombo vyetu, na nasema kwa heshima. Minde wa Kilimanjaro na wa Livingstone wako chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa. Minde wa Mlima Rungwe, wa Uzungwa Scarp na wa misitu ya Kilombero iliyo nje ya Hifadhi ya Taifa wako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wanaopita katika misitu ya vijiji wako mikononi mwa serikali za vijiji na halmashauri. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, yenye makao yake Arusha, ndiyo yenye dhamana ya kujua hali ya wanyama wote hao. Mpangilio huu si mbaya wenyewe, lakini una athari moja: kila chombo kinaweza kutoa taarifa njema kuhusu sehemu yake, na pasiwe na ukurasa mmoja ambapo mwananchi anaweza kusoma, mlima baada ya mlima, minde alionekana mara ya mwisho mwaka gani, kwa ushahidi upi, na nani analinda pale. Napendekeza Taasisi ya Utafiti iandae daftari la namna hiyo, lichapishwe kila mwaka kwa Kiswahili, na lipelekwe kwenye halmashauri zote zenye misitu hiyo.

Teknolojia ya kazi hiyo ipo. Kamera za kujipiga ni zile zile zilizotuletea picha ya mwaka 2003, na sasa bei yake imeshuka. Ipo pia njia ya kupima vinasaba katika kinyesi, ambayo inafaa sana kwa mnyama huyu, kwa kuwa kinyesi cha minde kinaweza kuchanganywa na cha paa wengine na hata mtembezi hodari wa msituni akakosea. Maabara haikosei kirahisi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kukusanya vinyesi katika vichupa, kuandika mahali na tarehe, na kuvituma. Kwa hiyo mlima ambao haujafanyiwa uchunguzi kwa miaka mingi hauwezi tena kusamehewa kwa hoja kwamba minde ni mgumu kuonekana.

Jambo la njia kati ya misitu nalo lisisahauliwe. Huko Rungwe kuna ushoroba wa Bujingijila, kipande cha ardhi kinachotenganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone. Ni mojawapo ya mahali pachache sana katika nchi hii ambapo madoa mawili ya minde yako karibu kiasi cha kuweza kuunganishwa kwa kupanda miti ya asili na kuacha kulima ukanda mwembamba. Katika misitu hiyo hiyo ndimo alimogunduliwa kipunji, kima aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005, na kelele zilizopigwa kwa ajili ya kipunji zimemsaidia minde bila yeye kutajwa. Mimi ningependa atajwe. Kilimanjaro haiwezi kuunganishwa na Udzungwa kwa njia yoyote ambayo mtu mwenye akili timamu angeipendekeza, lakini Rungwe na Livingstone zinaweza, na kama kuna fedha za kutosha mahali pamoja tu, ziende pale.

Wapo wanaotetea misitu ya Udzungwa kwa hoja ya umeme, kwamba mito inayoshuka kutoka huko inazungusha mitambo ya Kidatu na Kihansi, na kwamba maji yake yanaingia Kilombero na kisha Rufiji, hadi kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hoja hiyo ni ya kweli na ina nguvu kwa watu wa bajeti. Hata hivyo sipendi tuitegemee peke yake, kwa sababu maji yataendelea kutiririka kutoka katika msitu usio na minde, na siku mtu akiuliza minde alikuwa wa faida gani kwa mitambo, hatutakuwa na la kujibu. Minde anastahili kulindwa kwa sababu ni kiumbe hai ambaye hana nchi nyingine. Nyumbu akipotea Serengeti, Kenya watakuwa nao. Tembo akipotea Liwale, Msumbiji watakuwa nao. Minde akipotea katika milima yetu mitano au sita, hakuna jirani tutakayemwomba mbegu.

Unguja wamelielewa jambo hili mapema kuliko sisi wa bara, pengine kwa kuwa mtu wa kisiwani anajua kisiwa kina mwisho. Paa nunga wao, ambaye ni mdogo zaidi na ambaye wanagawana na pwani ya Kenya tu, alipopungua walikubali kuhamishia baadhi katika kisiwa cha Chumbe ili wasiwe wote mahali pamoja. Sisemi minde wahamishwe. Mnyama mwenye uzito huo na hofu ya namna hiyo anaweza kufia njiani. Nasema tufikiri kama wao, kwamba kila msitu ni kisiwa na kila kisiwa kina hesabu yake.

Kwa upande wa elimu, nina ombi kwa wanaotunga vitabu vya sayansi na jiografia vya shule za msingi. Mtoto wa Kilolo, wa Kilombero, wa Rungwe, wa Moshi anapaswa kuikuta picha ya minde katika kitabu chake akiwa darasa la tatu au la nne, ikiwa imeandikwa chini yake kwamba mnyama huyu anaishi katika mlima unaouona ukitoka nje ya darasa. Mtoto wa Lindi naye aikute, pamoja na komba wa Rondo. Watoto hao ndio watakaokuwa wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na misitu hiyo, na mwenyekiti hawezi kusimamia kikao kwa ajili ya mnyama ambaye hajui kwamba yupo.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwako mwenyewe. Gazeti lako lina waandishi katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro, Iringa, Njombe na Mbeya. Nakuomba uwatume katika ofisi za hifadhi na za misitu za mikoa hiyo wakiwa na swali moja tu: katika msitu huu, minde alithibitishwa mara ya mwisho mwaka gani? Majibu yao uyachapishe pamoja na ramani, jina la msitu, wilaya yake na mwaka uliotajwa. Pale ambapo ofisi itasema haina mwaka wa kutaja, nafasi hiyo ichapwe wazi ikiwa na jina la ofisi husika kando yake, na baada ya mwaka mmoja waandishi warudi kuuliza tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mtama, Lindi.